Sauti ya Kinu Upande wa Lundo

Ndui ilinipata nikiwa na miaka mitano hivi. Iliniacha hai, na uso uliojaa vishimo. Nyumbani kwetu, kwenye milima ya juu ya Mbinga, hakuna aliyenicheka. Watu walinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko walivyowatazama wenzangu, basi.

Kaka yangu alipata kazi kwa sababu alijua kusoma mizani, na wakati huo kahawa ilikuwa imeanza kupimwa kwa mizani. Dada yangu aliolewa. Mimi nilikuwa na darasa la nne la shule ya misheni na mikono miwili. Siku moja alikuja mshenga kutoka kijiji cha jirani. Akanywa togwa, akanitazama nilipomletea maji ya kunawa, akasifu mibuni ya baba, akaaga. Hakurudi. Nilipokwenda kwa masista kuomba kujiunga nao, waliniambia nisubiri. Sikuambiwa nisubiri nini.

Nilimsikia baba akimwuliza mama jikoni, "Huyu tutamweka wapi?"

Mama akajibu, "Kwani amesimama juu ya mguu wako?"

Nikalima. Kwetu shamba hulimwa kwa mashimo yaliyopangwa mteremkoni, tunayoyaita ngolo, na nilichimba ngolo mpaka nikawa nayaota. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilidhani maisha yangu yamekwisha kuamuliwa.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mjane, na kila baada ya mavuno alishuka ziwani kubadilisha maharage kwa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Alikuwa na rafiki huko, mama mmoja wa kijiji kidogo upande wa Lundo, ambaye mume wake alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge. Urafiki wao ulikuwa wa miaka mingi. Mmoja alileta maharage, mwingine alitoa samaki, na wote wawili waliongea Kiswahili kibovu, maana Kimatengo cha huyu na Kinyasa cha yule havikuelewana sawasawa. Mwaka huo shangazi alinichukua nimsaidie kubeba.

Tulitembea siku mbili. Siku ya pili, jua likiwa karibu na utosi, tulitoka kwenye miti tukaliona ziwa chini yetu. Halikuwa na wimbi hata moja. Mbali majini zilisimama nguzo tatu nyeusi kama moshi wa nyumba zinazoungua, lakini hazikuwa moshi. Zilikuwa nkungu, vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda juu kwa mamilioni. Nilikuwa nimewahi kusimuliwa habari zake, ila sikujua kwamba vinasimama wima hivyo, bila sauti, kama vinatazama.

Pale njia inapoingia kijijini tulikuta matawi ya miiba yamelazwa toka kichaka hiki hadi kile. Shangazi akasimama. Akatua mzigo wake polepole.

"Wamefunga njia," alisema. "Kuna ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Alinitazama usoni, nami nikaelewa.

Tulisikiliza. Hakuna mbwa aliyebweka, hakuna mtoto aliyelia. Kisha tukasikia mtu anatwanga. Mchi ulishuka mara moja, ukapumzika, kisha ukashuka mara mbili haraka. Tu. Tu-tu. Tu. Tu-tu. Shangazi akashika mkono wangu.

"Ni yeye," alisema. "Rafiki yangu. Ana bega bovu, hutwanga hivyo siku zote. Basi wapo wazima."

Akataka kuvuka, nikamzuia. Yeye hakuwahi kuugua ndui, wala hakuwa amechanjwa. Mimi ilishanipata, na kila mtu alijua kwamba ndui haimrudii mtu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kwangu kuwa na kitu ambacho mtu mwingine hana, na sikufurahi. Nikamwambia aningoje pale, nikapita chini ya miiba.

Ilikuwa mchana mweupe. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mambo ya kutisha yanapenda giza, kumbe mchana ni mbaya zaidi, maana huna cha kusingizia. Milango yote ilikuwa imefungwa. Usipa walikuwa wametandazwa kwenye vichanja, wamekauka kupita kiasi, na kunguru walikuwa wanawala taratibu bila kugombana. Jembe liliachwa limesimama katikati ya tuta la mihogo. Nilipita nyumba moja, nikawa na hakika kwamba sauti inatoka nyumba inayofuata. Nikafika hiyo inayofuata, sauti ikawa mbele kidogo. Tu. Tu-tu.

Nyumba ya rafiki wa shangazi ilikuwa ya mwisho, karibu na mchanga. Nilipozunguka pembe ya ukuta, sauti ilinyamaza.

Uwanjani palikuwa na kinu, na ndani yake makopa ya muhogo yaliyotwangwa nusu. Mchi ulikuwa umeegemea ukuta. Hapakuwa na mtu. Nilikisogelea kinu, nikaona utando wa buibui umevuka mdomo wake toka upande hadi upande, mzima, na buibui mwenyewe amekaa katikati.

Nilitaka kukimbia. Ningekimbia kweli, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshapiga hodi kwa mazoea.

"Karibu," sauti ya kikongwe ilijibu kutoka ndani. "Ingia, sukuma tu."

Mama mzazi wa yule rafiki alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamefumbwa na uvimbe wa ndui. Kando yake alilala mjukuu wake wa kike, wa miaka minne au mitano, akijikuna kwenye mashavu. Damu ilikuwa kwenye kucha zake. Harufu ya chumba kile sitaieleza.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzio aache kutwanga, atuletee maji. Tangu juzi namwita."

"Mwenzangu nani, bibi?"

"Mama wa mtoto huyu. Si umempita hapo nje?"

Kulikuwa na chumba cha pili, na mlango wake ulizibwa na kanga. Niliisogeza kidogo. Rafiki wa shangazi alikuwa amelala chali, mikono yake ameipanga mwenyewe kifuani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekufa siku hiyo wala jana yake. Nikairudisha kanga mahali pake. Nakumbuka niliinyoosha isiwe na mkunjo.

Nilirudi kwa bibi. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia, ndipo nikasikia, nje, hatua chache tu kutoka ukutani. Tu. Tu-tu.

"Unamsikia?" bibi alisema. "Mkaidi tangu utoto."

Sikutoka kuangalia. Watu wengi wamenilaumu kwa hilo, wakisema wao wangetoka. Labda. Mimi nilitazama mikono ya yule mtoto, nikakumbuka kwamba mama aliifunga mikono yangu kwa vitambaa ili nisijikune. Nikachana upindo wa nguo yangu. Nilipokuwa nafunga mkono wa pili sauti ilikoma, na sikuisikia tena tangu siku hiyo.

Ndipo nilipotoka kuteka maji. Ziwa lilikuwa limetulia vilevile. Niliwanywesha, nikawasha moto, nikarudi hadi kwenye miiba kumweleza shangazi kwa mbali. Alikaa chini njiani. Hakulia kwa sauti.

"Lakini tumemsikia," alisema.

"Tumemsikia."

"Wote wawili."

"Ndiyo, shangazi."

Akasimama kama mtu aliyekumbuka shughuli. Aliniachia maharage yote, akasema anakwenda hospitali ya misheni iliyokuwa mbali kando ya ziwa kuita watu. Nikabaki.

Jioni ile nilianza kugonga milango mingine. Mchana nilidhani nyumba ni tupu, sasa sikuwa na hakika. Nilisema jina la ukoo wangu na nilikotoka, nikasema nimeshaugua, siogopi. Mlango wa kwanza haukufunguka. Wa pili ukafunguka kiasi cha jicho. Kumbe wagonjwa walikuwa ndani, watu tisa katika nyumba tano, wamejifungia kimya mchana kutwa kwa sababu ya uvumi kwamba watu wa serikali wakija watachoma nyumba zenye ndui. Wazima walikuwa wamepanda mitumbwi na kuondoka, wengine kuelekea kijiji cha Ngumbo. Walikuwa wamenisikia nikipita njiani mchana. Walikuwa wameziba vinywa vya watoto.

Mzee mmoja, aliyekuwa ameanza kupona, alinishika mkono akaniuliza, "Ni wewe uliyekuwa unatwanga siku hizi?"

Nilitaka kusema sivyo.

"Tulikuwa tunasikiliza," aliendelea. "Nilimwambia mke wangu, maadamu kuna mtu anatwanga, kuna mtu atakayekula. Vumilia. Je, ni wewe?"

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Ni mimi."

Katika nyumba tatu kati ya zile tano waliniuliza swali lilelile, na mara zote tatu nilijibu hivyohivyo. Sijui kama ilikuwa dhambi. Nilipoungama, padri aliniuliza kama wagonjwa walikula. Nikasema walikula. Hakunipa malipizi.

Asubuhi nilimtoa yule buibui kwenye kinu kwa kijiti, nikatwanga makopa yaliyobaki, nikapika uji wa watu wote. Mzee yule na mwanawe, aliyekuwa amepona kabisa, walinisaidia kumzika rafiki wa shangazi. Bibi tulimwambia siku hiyo. Alisikiliza, akasema, "Basi amepumzika, kazi ilikuwa nyingi," akageukia ukuta. Alifariki siku mbili baadaye. Mtoto alipona baadaye, akachukuliwa na mjomba wake.

Siku ya sita ulikuja mtumbwi. Ndani yake alikuwepo dresa, yaani mganga msaidizi wa hospitali, mwanamume mfupi wa kaptura ya khaki, aliyepaza sauti kila alipoongea kwa sababu ya uziwi wa sikio moja. Shangazi alikuwa amekaa nyuma yake, mkono umefungwa kitambaa pale alipochanjwa. Dresa aliingia nyumba baada ya nyumba. Alitoka ameshika kitambaa nilichomfunga mtoto.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mama yangu."

"Na kutenga vyombo vya wagonjwa?"

"Hapana. Nilifikiri tu."

"Wangapi wamekufa tangu ufike?"

"Mmoja. Bibi wa nyumba ile."

Alinitazama. Nilizoea watu kugeuza macho baada ya kitambo, ila yeye alinisogelea akayachunguza makovu yangu kama mtu anayesoma cheti.

"Nina wasichana wawili hospitalini," alisema, "na wote wamekataa kuja hapa. Siwalaumu. Wewe utakuja kufanya kazi kwetu."

"Mimi? Sijui chochote."

"Kusoma unajua?"

"Darasa la nne."

"Basi. Mengine yamo vitabuni."

Nilikataa. Nilimwambia nataka kwenda nyumbani, na ilikuwa kweli. Nilitaka kelele za mama, na mlima ambao kila shimo lake nalijua. Tuliporudi, nilikaa mwezi mzima bila kutaja habari hiyo. Lakini kila nilipolima niliwaona wale tisa, huyu alihitaji kugeuzwa, yule alikuwa hali chakula vizuri. Mikono ilikuwa shambani, na mimi nilikuwa nagonga milango. Nikawa mkali bila sababu. Mwishowe mama aliniambia, "Mwanangu, hapa umerudi mwili tu. Nenda ukaufuate mwenyewe moyo wako uliobaki huko."

Baba ndiye aliyenisindikiza. Tulipopita kwenye kijiji kile, watu walikuwa wamerudi, wanatengeneza nyavu, watoto wanakimbizana. Walitusalimu kwa furaha. Hata hivyo baba aliongeza mwendo, naye si mwoga. Shangazi alikuwa amemsimulia habari za kile kinu.

Hospitalini tulipokewa na sista mmoja Mzungu mwenye daftari kubwa mbele yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooshwa. Aliandika kijiji, akaandika ukoo.

"Kazi ya baba?"

"Mkulima wa kahawa," baba alijibu.

"Na binti anataka kazi gani hapa? Kufua, kupika, au wodini?"

Baba alikuwa amezoea kunijibia. Akafungua mdomo, akaufunga, akavua kofia yake.

"Muulize mwenyewe," alisema.

"Wodini," nilisema.

Sista aliandika. Ndani, nyuma ya pazia, kuna mtu alikuwa anakohoa kikohozi kirefu kisichokwisha. Sista akanielekeza kwa kalamu, nami nikaweka mzigo wangu chini nikaenda kumtazama.