Mgeni Aliyeahidi Kurudi

Mtafiti wa jimbo alipokuja Vickery Meadow, mtaa wetu wa wahamiaji huku ughaibuni, kuuliza watu wanatibiwa vipi, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Tulianza kwa jirani yangu, mama wa Kikongo asiye na bima, ambaye nilikuwa nikimgawia vidonge vyangu vya presha.

Alitukaribisha chai, akakaa na miguu yake iliyovimba. Alipoulizwa kama amewahi kukosa matibabu, akajibu, "Hapana, tunashukuru Mungu." Kwao mgeni haelezwi shida siku ya kwanza. Nililijua hilo, lakini nikatafsiri neno kwa neno, kwa sababu mtafiti aliahidi kurudi, na miguu ile aliiona.

Hakurudi. Ripoti ilipotoka ilisema watu wa kwetu hawaendi hospitali kwa kuwa wana afya njema. Nikampigia simu, hasira zimenipanda.

"Ile miguu hukuiona?"

"Niliiona," akasema bila haya. "Lakini niliandika ulichonitafsiria."

Nikakata simu. Jirani yangu bado ananisimamisha kwenye ngazi. "Dada, ule mgeni atarudi siku gani? Sasa nitamwambia yote."