Munyu wa Maji ya Tatu

Nafula mjukuu wangu, nakumbuka siku niliyoaibika huko Kabuchai, ningali bibi-arusi wa miezi miwili. Mama mkwe alikuwa amenikabidhi kazi ya munyu. Unachoma maganda ya maharagwe, unatia majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji, kisha unakinga yanayodondoka. Hayo ndiyo munyu, hulainisha majani ya kunde.

Mama Wekesa, jirani yetu, alikuwa na wageni wa mahari, akaja kuomba munyu. Ule mkali, wa maji ya kwanza, nilikuwa nimeshaumaliza kwetu. Nikamwagia majivu yaleyale maji mara ya tatu, nikampa.

"Ni mkali?"

"Mkali sana, mama."

Kunde zilitoka ngumu kama kamba, wageni wakitazamana. Mama mkwe alionja munyu wangu kwa ncha ya ulimi.

"Haya si maji tu, bana? Munyu kuisha nguvu si kosa lako. Lakini ulimwambia ni mkali. Twende ukamwambie mwenyewe."

Nilienda. Nililia njia nzima, na bado nikasema.

Sasa wewe. Juzi ulikaa hapa kwangu Matisi mpaka chai ikapoa, ukinieleza kazi yenu ya maabara: kupasua maji kwa umeme mpate haidrojeni, viwanda viwake bila moshi. Ati lazima kuwe na kichocheo, madini ya kuharakisha kazi. Platinamu ni hodari lakini bei yake haishikiki, kwa hivyo unajaribu nikeli na chuma. Siku ya kwanza mapovu tele. Siku ya nne nikeli imechoka, na hujui kwa nini.

Ukaniambia, "Kukhu, bibi yangu, kwenye ripoti nitaandika siku ya kwanza peke yake. Nikiandika yote wakubwa wataniondoa kwa mradi."

Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali.

Andika siku zote nne. Kuna mtu usiyemjua atajenga mtambo kwa kuamini neno lako. Tena hiyo ya nne ndiyo kazi yenyewe. Hapo ndipo wenzako wote wamekwama, wewe mwenyewe uliniambia. Wakikuondoa, njoo nyumbani. Kitanda chako nimekitandika, na sitakuuliza kitu.

Mungu aushike mkono wako ukiandika. Na siku itakapojulikana kwa nini nikeli inachoka, iwe ni wewe uliyegundua, mtoto wa mtoto wangu.