Ngoma Nyuma ya Ukuta wa Eda

Shemeji alizikwa Dar es Salaam adhuhuri, na sisi tukapata habari jioni ileile huko Guangzhou, Uchina, tulikokuwa tumefuata nguo za biashara, katika duka la simu karibu na stesheni ya treni. Dada yangu alisikiliza, akauliza, "Mmeshamzika?" Akasikiliza tena. "Haya," akasema, akairudisha simu mahali pake taratibu, kama mtu aliyekuwa akiulizia tarehe ya meli.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mfuko wa sampuli za blauzi. Nilikuwa na hadithi mbili zilizochapishwa na imani kubwa kwamba kila jambo zito lina sentensi yake inayolingoja mahali fulani. Nilijitazama ndani, nikakuta pamenyamaza. Shemeji yule alinilea tangu sijaota meno ya pili, na nilichowaza ni kwamba kamba ya mfuko inanikata vidole.

Eda haingoji mjane afike kwake. Usiku haujaingia, dada alikwisha kuvua bangili na hereni, akafuta wanja kwa maji ya bomba, akakaa kitandani. Tikiti zetu zilikuwa za Ijumaa na hazikubali kubadilishwa. Kwa hiyo chumba chetu cha hoteli nyuma ya Barabara ya Zhanqian, chenye marobota ya blauzi za kumetameta mpaka dirishani, kikawa nyumba ya eda.

Kilichokosekana ni vazi jeupe. Katika mji ule wa nguo! Kesho yake nilizunguka maduka ya jumla ya Zhanqian, nikafika hadi soko la Shisanhang, na kila bosi nilimwinulia kidole kimoja: gauni moja, jeupe, lisilo na urembo. "Moja meiyou," walinijibu, hakuna, wakanisukumia furushi la dazeni. Pale hawauzi kimoja. Nilirudi mikono mitupu.

"Na ungelichukua hilo dazeni tungewavika nani?" aliuliza mama mmoja wa Kizanzibari, mfanyabiashara mwenzetu aliyepanga ghorofa ya chini, ambaye alikuwa amejipa kazi ya kutusimamia msiba. "Tungoje waume wengine wafe?" Akajiziba mdomo. "Astaghfirullah. Lete shuka la kitanda."

Tukamvika dada shuka la hoteli.

Hakula. Hakulala pia, alikaa tu macho wazi akiutazama ukuta wa mbao nyembamba uliotutenga na chumba cha pili. Alipokwenda chooni akaanguka mlangoni, tukambeba wawili. Mama wa Kizanzibari akanivuta ukumbini.

"Sikiliza, mwanangu. Ijumaa wakimwona hivi pale uwanja wa Baiyun, hawampandishi. Ndege haibebi maiti aliyesimama. Atakaa eda yake nzima humu, na mablauzi haya, wewe ukimpepea. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi afanye mawili, ale au alale. Moja tu likipatikana, jingine litafuata."

Alasiri ya siku hiyo muziki ukaanza chumba cha pili.

Kwanza ilikuwa sauti moja ndefu ya vinanda, nzito, kama ndege inayopita juu ya mawingu bila kuonekana. Halafu pigo la mashine, dum, dum, dum, lile la kumbi za disko, ila polepole kidogo, na juu yake zikapanda fidla nyingi kama za sinema pale mtu anapoachwa peke yake barabarani na kamera inarudi nyuma. Hapakuwa na mwimbaji. Kisha zikaja ngoma nyingine, za mkono wa mtu. Hizo ndizo zilizonishika. Mashine haichelewi kamwe, lakini mpigaji yule alichelewa nusu ya pumzi, kila mara, kama anayefikiria kabla ya kupiga. Nilisikiliza na sikuhisi kitu, ila angalau kutohisi kwangu sasa kulikuwa na mahali pa kukaa.

Nilipogeuka, dada alikuwa amelala. Alikuwa ameinamia ukuta, kipaji cha uso kimegusa mbao, shuka limemteleza begani. Sikuthubutu hata kulipandisha.

Mama wa Kizanzibari aliingia na bakuli la supu. "Hii nyumba ya eda au ukumbi wa harusi?" akafoka. "Ndivyo mnavyoomboleza huko bara, na disko?"

"Mama, amelala—"

"Bi mwandishi, hujui hata kugonga mlango wa jirani?" Akatoka, akagonga mwenyewe.

Jirani alikuwa kijana wa palepale Guangzhou, muuza sidii. Chumba chake kilijaa makasha ya zile zilizochanjwa ukingo kwa msumeno ili zisiuzwe tena, bidhaa za Ulaya zilizotupwa, ambazo alizijaribu moja moja kabla ya kwenda kuziuza. Alifungua mlango akitabasamu, "Pengyou!", rafiki, kama walivyotuita wafanyabiashara wote wa mji ule. Mama wa Kizanzibari alisukuma mlango wetu ukawa wazi, akanyoosha kidole. Kijana akamwona dada katika shuka jeupe, ambaye kelele za mlango zilikuwa zimekwisha kumwamsha. Tabasamu likamtoka. Kwao pia nyeupe ndiyo ya msiba. Aliinamisha kichwa, akarudi ndani, na kimya kikaja kizima kizima.

Dada hakulala tena siku ile, wala iliyofuata. Alhamisi asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka, akawa hajui tena ni saa ngapi. Nikamwekea kijiko cha maji mdomoni, yakatoka pembeni.

"Mdogo wangu," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu duka la simu. "Mbona wamezima?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Dada, uko kwenye eda."

"Najua niko wapi." Akafumba macho. "Kimya hiki kina sauti yake. Kaniombee."

Nilikwenda. Njiani, hatua chache zile, niliona aibu ya watu wote wa kwetu ikinitazama: kwenda kuombea mjane muziki! Kijana alifungua, nikamweleza kwa Kiingereza chepesi na vidole. Alitikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena, akaonyesha ukuta, akashika shati lake jeupe, akaweka mkono kifuani. Alikuwa anatuheshimu. Nilimwelewa kabisa, na heshima ile ilikuwa inamuua dada yangu.

"Yeye ndiye aliyeomba," nikasema. "Mwenyewe."

Hakuniamini. Labda aliniona mimi ndiye kijana anayetaka disko. Alinipa jalada la sidii nikalitazame, kama zawadi ya kuniondoa. Ndani, kwa Kiingereza, ilielezwa kwamba mtunzi ni mpiga ngoma wa Norwe, na kwenye picha alikuwa ameketi nyuma ya ngoma zake katika chumba kitupu, nje ya dirisha kuna theluji. Nilifikiria kumleta dada mlangoni pa kijana, lakini hata kama miguu ingemruhusu, asingeuvuka mlango wetu akiwa edani kwa ajili ya muziki, na mimi nisingemwambia auvuke.

Hapo tukasikia ukuta.

Ilikuwa mbao ikigongwa kwa kifundo cha kidole, dhaifu. Dum, dum, dum. Halafu, katikati ya mapigo, jingine dogo lililochelewa nusu ya pumzi. Likarudi tena palepale, limechelewa vilevile.

Kijana alinitazama. Akausogelea ukuta, akaweka sikio. Kisha akachukua jalada mkononi mwangu, akatafuta sidii yake, akapiga magoti mbele ya redio.

Sauti ile ndefu ilipoanza, kugonga kukakoma. Nilirudi chumbani nikamkuta dada amelala ubavu, kinywa wazi, anakoroma. Mama wa Kizanzibari alipanda baadaye, akasimama mlangoni na tasbihi yake. Alisikiliza muziki, akausikiliza mkoromo. Nilingoja matusi.

"Nani atafunga haya marobota kabla ya kesho?" akauliza kwa kunong'ona, akaketi sakafuni akaanza kuzikunja blauzi.

Nikakaa karibu naye nikashika kamba. Wimbo ulifika mwisho, kijana akaurudisha mwanzo. Tulifunga mpaka vidole vikafa ganzi, na dada hakuamka.