Tela la Kwenda kwa Bibi

Harufu ya matairi mapya na gundi mbichi ilinipokea mlangoni mwa ghala, hapa Guangzhou, kabla laoban mwenye duka hajanionyesha hata tela moja la kulala. Ghafla nikarudi utotoni, nikawa uani kwetu.

Krismasi ilikuwa imekaribia, na sisi watoto sita tulikuwa tunakwenda kwa bibi mlimani. Muuzaji alituletea matela mawili tujaribu. Lile kubwa lilikuwa na kitanda cha kila mtu; dogo halikututosha sote. Baba alilifunga kwenye gari letu kuukuu, akatupandisha wote. Mama, asiyekwenda ukweni mikono mitupu, akapakia mchele, mafuta na mablanketi. Gari likakaa kitako kama kuku anayeatamia.

"Kwa tela hili, mlima hatupandi," baba akasema. "Tunachukua dogo."

"Mimi nitalala wapi?" Nilikuwa wa mwisho kuzaliwa, machozi tayari.

"Nje, na mimi. Kwenye hema."

Mpaka leo ndugu zangu wananionea wivu.

Nilipozinduka, laoban alikuwa tayari analisifia tela kubwa. Nikamwonyesha dogo, nikamwuliza kama anauza na hema la watu wawili.