Maua ya Mtu Aliye Hai

Mkono wangu wa kulia ulivunjwa na vijana ambao hata hawakuwa na haja na mimi. Walikuwa wamempora simu mwanamke aliyesimamisha gari kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa Johannesburg. Wakakimbilia upande wetu, sokoni Newtown, wakapita juu ya meza yangu ya vitenge na juu yangu pia. Nilipoinuka, mkono ulikuwa unaning'inia kama wa sweta kwenye kamba.

Binti yangu alitoka mbio kwenye benki anakofanya kazi, Sandton, akanikuta hospitali. Alizaliwa Soweto, baba yake ni mtu wa huku aliyekuja kwetu Tanzania uhamishoni, akanioa, wakati wa kurudi akanichukua. Basi siku hiyo binti alikuwa kwenye simu na dunia nzima, kwa Kiingereza, akimwambia kila mtu maneno yale yale: mama ni mhanga asiye na hatia, alikuwa mahali pasipofaa kwa wakati usiofaa.

Niliumia, lakini hasira ilizidi maumivu. Hawa wanaozungumza Kiingereza nimewasikiliza miaka mingi, na hii ndiyo kawaida yao: kabla hawajakuhurumia, lazima kwanza wakufutie kesi. Asiye na hatia! Kwani nani alinishtaki? Na hapo mahali pasipofaa ni wapi? Ni mezani kwangu, asubuhi, wakati wa wateja. Aliyekuwa mahali pasipofaa ni yule kijana aliyekanyaga kitenge changu na viatu vya matope. Sisi tukimwona aliyeumia tunasema pole, basi, hata kama kajitakia mwenyewe.

Ningeyapuuza, maana maneno hayavunji mkono. Shida ni kwamba yalikuwa yananihamisha. Msimamizi wa soko, bwana mpole kwelikweli, alinipigia simu akasema hayo hayo, kisha akaongeza kwamba ananitafutia nafasi ndani, nyuma kabisa karibu na vyoo, ambako ni salama. Binti yangu akamshukuru kwa niaba yangu. Ni salama kweli, hata mteja hafiki. Meza yangu iko mlangoni, inatazama barabara, na ndiyo iliyomsomesha huyo huyo binti. Nikiiacha, kazi yangu itakuwa kukaa kwenye kochi Soweto nikisubiri jioni. Nililia, sioni haya kusema.

Jirani yangu wa sokoni, msusi kutoka Bukavu, alikuja nyumbani kunipa pole akanikuta katika hali hiyo. Nikamweleza. Akasonya.

"Pole haiko ya nyumbani tu, mama," alisema. "Tutakupatia pole kule kwenyi ulianguka."

Jumamosi nikashtukia nimepelekwa sokoni. Akina mama walikuwa wamejaa pale, Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, wametandika mikeka kando ya meza yangu, chapati zimefunikwa, chai ya tangawizi inatoa moshi. Na pole ya kwetu ina taratibu zake: kila anayefika anataka kisa tangu mwanzo. Nikawa nasimulia, naonyesha nilipoangukia, wao wanashika vichwa, "Yesu wangu!", wanajifuta machozi kwa khanga. Nilijisikia vizuri sana.

Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha mama mmoja mwenye mifuko ya dukani akainama, akaweka shada la maua pale pale nilipoangukia. Mwingine akaleta lake. Dereva wa teksi akawasha mshumaa, jua linawaka. Nikajisemea, watu wa mji huu wana roho nzuri jamani, na wao wananipa pole kwa desturi yao. Nikawashukuru mmoja mmoja, nikamkaribisha yule mama chapati. Alinitazama kwa mshangao, lakini akaipokea.

Binti yangu alipofika, yule mzee alimshika mkono akampa rambirambi. Akamwambia bila shaka marehemu alikuwa mtu asiye na hatia. Binti akatazama maua, akatazama mshumaa, akanitazama mimi, mdomo umejaa chapati. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu nikaona si kicheko tena.

"Eish, Mama," alisema, ameegemeza kichwa begani kwangu. "Siku ile njia nzima nilijua nakuja kukukuta umekufa."

Hasira yangu yote ikaniisha pale. Mwanangu hakuwa akinifutia kesi yoyote. Alikuwa akitetemeka kwa hofu, na yale ndiyo maneno aliyokuwa nayo.

Msimamizi alikuja kuuliza ni nani aliyefia sokoni kwake. Wakati huo habari ilikuwa imeshafahamika, watu wanacheka, yule mama wa maua anachagua kitenge na msusi anampimia kwa niaba yangu. Msimamizi naye akacheka. Kisha akamgeukia binti yangu, si mimi, akamuuliza kama Jumatatu awatume vijana wake waihamishe meza.

Binti alijifuta uso, akainuka, akaitazama barabara, magari yanavyosimama na kuondoka. Aliitazama muda mrefu, na nikajua bado anaogopa.

"Iache hapa," akamwambia.

Kisha akaniinamia, akanifunga vizuri kitambaa cha kubebea mkono uliovunjika.

"Jumatatu ukifunga usiondoke, Mama. Nitakupitia hapa."