Kopo la Sindano Nililolitoa Sadaka

Wakati wa vita nilikuwa nikimdunga mama yangu dawa ya sukari nyumbani, hapa Kamina. Sindano zilizotumika nilizitia katika kopo la maziwa, nije kuzifukia. Kopo jingine kama hilo lilikuwa na karanga.

Wakimbizi walipofika parokiani, nilinyakua kopo moja, nikampelekea sista mbele ya akina mama wote.

"Karanga ya shamba yangu," nilijigamba. "Miye mwenyewe nimekaanga."

Mkimbizi mmoja alinyoosha mkono achote. Sista, aliyesikia kopo likilia kama lina vyuma, alimzuia, akafungua kifuniko mwenyewe, akachungulia.

"Mama, hii njo sindano," alisema polepole. "Kopo yake uiandike juu: sindano."

Wote walinigeukia. Aibu ilinijaa, lakini nilimshukuru Mungu: hakuna aliyechomwa.