Maji Yanapochemka Tumati

Mwaka niliorudi nyumbani na shahada ya jiografia, ugonjwa wa kideri ulipita kijijini kwetu Tumati ukamaliza kuku wa mama. Asubuhi walizubaa, mchana shingo zikapinda, na kesho yake tukawa tunachimba shimo nyuma ya zizi. Katika kundi lote walibaki jogoo mmoja na matetea wawili, weusi wenye madoa meupe kama ya kanga. Mama alipewa mbegu hiyo na bibi, mama yake, siku alipoolewa, na tangu hapo hakuwahi kukosa kuku wa aina hiyo bandani. Ng'ombe wa kwetu ni wa baba, mahindi ni ya nyumba nzima, lakini kuku ni wa mama. Akitaka kuchinja haulizi mtu, na akitaka kumpa mgeni wa kwenda naye nyumbani haulizi mtu.

Mimi wakati huo sikuwa na kazi. Nilikuwa na mashine ya kutotolesha, ambayo nilianza kuitengeneza ili nisionekane nimekaa bure. Seremala wa Dongobesh alinipigia boksi la mbao, nikalizungushia maboksi ya karatasi na magunia ndani, nikaweka balbu mbili, feni ndogo niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu, na kifaa cha Kichina cha kuwasha na kuzima balbu, chenye namba nyekundu na waya mwembamba ambao ncha yake ndiyo inayopima joto. Kwa upande wa unyevu nilikuwa na kisaa kidogo cha mshale na bakuli la maji.

Nilimshawishi mama anipe mayai. Nilimweleza kwamba tetea akianza kulalia anaacha kutaga, lakini ukimwondolea mayai anaendelea, na mashine inalalia kwa niaba yake.

"Na umeme ukikatika?" akauliza.

"Nitaweka chupa za maji ya moto."

"Na wewe ukilala?"

"Kifaa hakilali, Mama."

"Mimi sijauliza kifaa. Nimekuuliza wewe."

Lakini alinipa. Alikusanya kwa karibu wiki mbili, akanikabidhi mayai ishirini na kitu kwenye ungo, akiyashika moja moja kama anayeaga watoto wa shule ya bweni. Niliyapanga, nikaweka alama ya penseli upande mmoja wa kila yai ili nijue nimegeuza lipi, nikafunga mfuniko. Namba nyekundu zilisoma thelathini na saba na pointi saba, kama inavyotakiwa. Mshale wa unyevu ulikaa kati ya hamsini na sitini. Nilifurahi siku mbili kamili.

Siku ya tatu asubuhi kicheche alikuwa ameingia bandani kupitia chini ya mlango. Matetea wote wawili walilala kwenye vumbi bila vichwa. Jogoo alikuwa juu ya paa la jiko, hataki kushuka. Mama hakupiga kelele. Alizika, akanawa mikono, kisha akaja chumbani kwangu na kusimama mbele ya boksi.

"Sasa ni hayo tu," akasema, akatoka.

Kuanzia hapo sikupata tena raha. Kabla ya kicheche, mayai yale yalikuwa jaribio langu. Sasa yalikuwa kuku wote wa mama, na yote yalikuwa yanategemea namba nyekundu ambazo sikuwa na sababu yoyote ya kuziamini zaidi ya kwamba zilikuwa zinawaka. Nilijiuliza, je, kama kifaa kinakosea? Kosa la nyuzi mbili juu, vifaranga wanakufa ndani ya ganda. Kosa la nyuzi mbili chini, wanachelewa na kudhoofika. Na kwa nje yai linabaki yai.

Nilipanda gari hadi Mbulu mjini, nikanunua themometa ya kioo kwenye duka la pembejeo. Niliining'iniza ndani ya boksi, karibu na balbu ambako niliweza kuisoma kupitia kioo cha mfuniko. Ilisoma karibu thelathini na tisa. Namba nyekundu zikasema thelathini na saba na pointi saba. Nilikaa chini kwenye sakafu nikivitazama vyote viwili, na nikaona bora nilipokuwa na kimoja.

Ndipo nikakumbuka maabara ya sekondari. Maji yanachemka kwa nyuzi mia moja. Themometa ya kioo ilikuwa inaishia hamsini, lakini kifaa cha Kichina kilikuwa na uwezo wa kufika zaidi ya mia. Nilibeba kifaa chote hadi jikoni, nikaunganisha umeme kwa waya mrefu, nikatumbukiza ncha kwenye sufuria la maji yanayotokota.

Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa kidato cha tatu na aliyeniona kama mfano wa mambo ya kutofanya, alichungulia mlangoni.

"Dada, leo tunakula supu ya waya?"

"Nyamaza kwanza."

"Uweke na chumvi."

Namba zilipanda, zikapanda, zikasimama tisini na tatu na kitu. Nilisubiri. Maji yalikuwa yanaruka hadi kwenye majivu, lakini namba hazikusogea. Kifaa kilikuwa kinasoma chini ya ukweli kwa karibu nyuzi saba, na themometa ya kioo ilikuwa imenionya vilevile. Kwa hiyo kilipokuwa kinaniambia thelathini na saba, ndani ya boksi kulikuwa na moto zaidi, na mayai ya mama yalikuwa yanaiva polepole tangu siku ya kwanza.

Nilifanya hesabu nyuma ya bahasha, nikaifuta, nikafanya nyingine. Mwishowe nilishusha kwa nyuzi mbili, zaidi ya kilichosemwa na kioo na chini ya kilichosemwa na sufuria. Kwa siku moja nilijisikia mtu mwenye akili.

Halafu nikahamia kwenye unyevu. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ukungu unafunika hadi mlango wa zizi, mchana upepo mkavu unakausha kila kitu, na mshale wangu ulifuata. Ukishuka chini ya hamsini niliongeza bakuli la pili. Ukipanda sana niliogopa vifaranga watazama ndani ya yai kwa maji yasiyotoka, nikaondoa bakuli. Nikaweka sifongo, nikaona kubwa, nikaikata nusu. Kila nilipofungua mfuniko kurekebisha unyevu, joto lilishuka, na kila nilipongoja joto lirudi, unyevu ulihama. Baba alipita na ndoo ya maziwa, akasimama kutazama nikibadilisha maji.

"Humo ndani unatotolesha kuku au perege wa ziwa Basotu?"

"Kuku, Baba."

"Haya. Mimi naona bwawa."

Sikucheka. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mara nilizofungua tangu asubuhi.

Jibu lenyewe lilikuja jikoni, na lilikuja kwa njaa. Ilikuwa saa tisa mchana, sijala, nikamuuliza mama kama maharage bado. Alibonyeza moja kwa vidole, likabaki gumu. Nikaketi kwenye kigoda nikinung'unika. Nikakumbuka chumba changu cha chuo Morogoro, jiko moja la mafuta ya taa, na maharage yaliyokuwa yanaiva kabla sijamaliza kufua. Maharage ya aina ileile, niliyoyabeba kwenye begi kutoka hapahapa nyumbani. Kwa nini Morogoro yanaiva upesi, na huku kwetu kuni zinaisha kabla hayajaiva?

Nilisimama kwa haraka hadi kigoda kikaanguka. Nilikuwa nimesoma jambo hilo miaka mitatu, nikalifanyia mtihani na kulifaulu: ukipanda juu, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla ya kufika mia. Morogoro iko chini, Tumati iko juu sana. Maji ya huku huchemka kwa tisini na tatu na kitu. Kifaa cha Kichina hakikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa na kosa ni themometa ya kioo, au hata hiyo haikukosea, nilikuwa nimeitundika karibu na balbu palipo na joto kuliko kwenye mayai. Na mimi, kwa kuhofia kuyaunguza, nilikuwa nimeyaacha kwenye baridi kwa karibu wiki.

Nilikimbia nikarudisha joto, kisha nikarudi kumwambia mama, kwa sababu ningekaa nalo peke yangu lingenitoa roho.

"Kwa hiyo huku kwetu maji hayachemki?" akauliza, bado ameshika mwiko.

"Yanachemka, Mama. Ila yanawahi kuchemka, moto wake haujafika."

"Na mayai?"

"Yamekuwa yanasikia baridi."

"Wiki nzima?"

"Karibu."

Alianza kuongea Kiiraqw, lugha anayohamia anapokasirika kweli, na sitaandika hapa alichosema. Baadaye alikuja chumbani. Nilizima taa, nikashika yai moja juu ya tochi ya simu. Mishipa ilionekana, myembamba kama nyuzi za buibui, na kitu kidogo cheusi kikajikunja kukwepa mwanga. Mama alinipa linalofuata. Tulipima yote. Yaliyokuwa na kitu ndani yalikuwa chini ya nusu, na vilivyokuwemo vilikuwa vidogo kuliko umri wao.

Siku ya kutotoa iliangukia Jumapili, na mama alikuwa ameshamtajia jirani yetu. Jirani huyo alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado ana kitenge cha kwaya. Tuliamkiana, nikampa shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye boksi.

"Wako wapi watoto?"

"Wanachelewa kidogo," nikasema.

"Yangekuwa chini ya kuku yangeshalia." Akamgeukia mama. "Yatupe kabla hayajanuka. Mimi nina tetea mweupe, nitakuletea."

Mama alimshukuru. Akamsindikiza hadi njiani, na nilimwona kupitia dirisha amesimama huko muda mrefu baada ya mwenzake kupotea kwenye mahindi makavu. Aliporudi aliniuliza kama yatatotoa kweli. Nilimwambia yai lililopata baridi huchelewa siku moja au mbili, wakati mwingine zaidi.

"Unajua, au unatamani?"

"Natamani."

"Basi usizime," akasema.

Jumatatu hakukuwa na kitu. Jumanne mchana yai moja lilipata ufa mdogo kama nyota, na sauti nyembamba ikatoka humo. Mdogo wangu aliruka hadi uani kumwita mama. Kisha sauti ikanyamaza, na ufa ukabaki vilevile saa moja, saa mbili. Nilishika mfuniko mara kadhaa. Kifaranga akiwa amekwama, nikimsaidia pengine anapona. Lakini nilikuwa nimepandisha unyevu hadi sabini kwa ajili ya siku hizo za mwisho, na nikifungua mvuke wote unatoka, utando wa ndani unakauka kama karatasi na kumbana yeye na wengine wote ambao hawajaanza. Nilifikiria kufungua upesi sana. Nilifikiria kupenyeza kitambaa cha maji. Mwishowe nilimwambia mdogo wangu aketi juu ya boksi.

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka niache kukuomba ushuke."

Alikaa, akafungua daftari lake la baiolojia, na kila niliposogea akanyoosha mguu kunizuia. Mama aliketi kitandani kwangu akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Kabla jua halijazama ganda lilipasuka katikati, na kitu cheusi kilicholowa kikajisukuma nje na kulala kwenye wavu kama tambara.

Walitoka wanne. Wengine tuliwakuta wamekufa ndani, wakubwa kabisa, midomo karibu na ganda, na vifo vyao bado siwezi kuvieleza vizuri. Wanne walikauka, wakasimama, weusi wenye doa jeupe kichwani. Mama aliwaweka kwenye kapu karibu na jiko. Nilitarajia afurahi, lakini aliwageuza mmoja mmoja akiwatazama chini.

"Wangapi ni matetea?"

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja, mimi ninayewaza kila kitu. Jogoo tulikuwa naye. Kama wote wanne ni majogoo, mbegu ya bibi imekwisha hapo hapo, tena imekwisha ikiwika.

"Haijulikani mpaka wakue, Mama."

Wakakua. Wa kwanza aliwika mapema, sauti mbovu iliyokatika katikati, na mama aliyekuwa akikoroga uji akasimamisha mwiko. Wa pili alifuata baada ya wiki. Wa tatu alikuwa na upanga mdogo kichwani, tukategemea ni tetea, hadi asubuhi moja alipopanda kwenye mkokoteni wa baba na kuwika vizuri kuliko kaka zake. Akabaki mmoja. Nilikuwa naamka kumsikiliza, nikiwa nimeshika blanketi kwa mikono miwili. Mdogo wangu alijua, na siku moja akajificha nyuma ya banda akawika. Nilitoka peku hadi uani. Alicheka hadi akaketi chini, na mama akamkimbiza kwa ufagio, kwa hasira ambayo sijawahi kuiona tena juu ya mzaha.

Yule wa nne hakuwika. Upanga wake ulibaki mfupi, akaanza kuinama kila jogoo mkubwa alipomkaribia, kisha akaanza kuingia ndani ya nyumba na kuchungulia chini ya vitanda akitafuta pa kutagia. Mama alichukua ungo uliotoboka, akaujaza majani makavu, akauweka pembeni mwa jiko ambako ukuta una joto.

"Mayai yake atalalia mwenyewe," akaniambia bila kugeuka.

"Na mashine?"

"Wewe na mashine yako mtafute ya dukani."

"Ya dukani hayatotoi, Mama. Hayana jogoo."

"Afadhali," akasema. "Utalala."